Ua Lililosalimiwa

Jumamosi ile, kabla ya sikukuu ya Ekaristi, mama za shirika la kanisa walikaa kwenye uwanja wa Kanyere kule Bulengera, mtaa wa Butembo, kila mmoja na kapu lake katikati ya magoti, wakinyonyoa maua. Ya njano yalienda upande huu, meupe upande ule, na yale mekundu ya kwenye uzio yalitengwa peke yake kwa sababu yanatoa rangi na kuharibu nguo. Kesho yake watoto wadogo wangetembea mbele ya padri wakiyatupa barabarani, na kila shirika lilitaka sehemu yake ya njia ipendeze kuliko ya wenzao. Vita au bila vita, maua yalipaswa kuwepo.

Kanyere ndiye aliyejua kuyatafuta. Alizaliwa Mutwanga, chini ya mlima, akaolewa mjini, na mume wake alipokufa alibaki na mtoto mmoja tu, Ananie, kijana ambaye ndevu zilikuwa zinafikiria kuota. Watu wa Butembo walimwita mama wa mulima. Hakuchukia. Aliamka asubuhi, akapita kwenye mashamba yaliyolala na kando ya mito, akarudi na kapu limejaa.

"Kanyere, aya mauwa ulitoa wapi? Inanuka mbuzi," alisema Katungu, jirani wa upande wa kuume, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko.

"Inanuka mbuzi ju weye njo umekaa karibu nayo."

Faida alicheka mpaka akamwaga kapu. Faida alikuwa jirani wa upande wa kushoto, mke wa Nassoro, mwenye pikap iliyofanya safari za Beni na Mutwanga. Yeye alikuwa Mwislamu, lakini kila mwaka alikuja kunyonyoa pamoja nao, akisema mikono haina dini.

"Na kesho utatembea na siye mu procession?" Katungu alimuuliza.

"Nitabaangalia tu mu dirisha. Mukianguka, nitacheka."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wanaongea asubuhi ile. Inafaa kujulikana kwamba walicheka, kwa sababu baadaye haikuonekana tena kama ni watu waliowahi kucheka pamoja.

Wakati huo kulikuwa na mpiga picha mmoja mjini, jina lake Sikuli. Tangu vita virudi mara ya pili, arusi zilipungua, na wale waliooana walioana haraka bila picha. Basi Sikuli alichukua aparei yake akaanza kupanda milima na kupiga picha maua ya porini: yale ya kando ya mto, yale ya katikati ya mawe, yale ambayo ng'ombe hawayagusi. Filimu zilivuka mpaka na wasafirishaji, zikarudi zimeoshwa. Picha zake zilikuwa nzuri. Asubuhi maua yaliyomo yalifunguka, na jioni yakajifunga. Familia nyingi zilitundika moja sebuleni, na siku ambazo redio haikuwa na betri, mama aliangalia ukutani akajua saa ya kuweka sombe motoni imefika.

Jambo lingine la zile picha ni hili. Mtu akilitaja ua kwa jina lake la kweli, jina lililotolewa na wazee, ua lile kwenye picha liligeuza shingo likaangalia pale ndugu zake wanapoota. Ukilitaja kwa jina la uongo, halikutikisika. Waganga wa miti walizipenda sana. Kuna mganga mmoja aliyefuata picha ya ua la kikohozi siku nzima, kilima baada ya kilima, na jioni picha ikamrudisha nyuma ya choo chake mwenyewe. Watu walimcheka yeye. Picha hawakuicheka, kwa sababu ilikuwa imesema kweli.

Jina la ua lililo katika habari hii halitaandikwa hapa. Atakayefika mwisho hatauliza kwa nini.

Sasa, kwenye kilima cha juu ya mji kulikuwa na kambi, na mkubwa wa kambi watu walimwita Kamanda tu. Askari wake walichukua vijana. Waliwachukua sokoni, waliwachukua kwenye mpira, na mmoja walimchukua akiwa amebeba jeneza la nyanya yake, jeneza likabaki na watu watatu. Basi mama za Bulengera waliwaficha wavulana wao. Mahali pa kuwaficha alipatoa Kanyere. Juu ya Mutwanga, pale maji yanapoanguka katikati ya miamba, mjomba wake marehemu alikuwa na shamba la kahawa, na nyuma ya shamba kuna pango ambalo hata watu wa bonde wamelisahau. Nassoro aliwapeleka kidogo kidogo, wamelala chini ya turubai. Josaphat wa Katungu alienda. Bilali wa Faida alienda. Wengine wa mtaa wakaenda. Ananie naye alienda. Askari walipouliza, mama walijibu kwamba watoto wako kwa wajomba, na hilo halikuwa uongo kabisa.

Kamanda hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alipenda maua. Alinunua picha za Sikuli, na siku za Jumamosi alizunguka mitaa akiwaonyesha wanawake, akiuliza majina. Mara ya kwanza mama mmoja wa mtaa wa chini alimjibu kweli, kwa heshima, akataja ua dogo la bluu linalopenda kinamasi fulani. Kesho yake ng'ombe waliofichwa kwenye kinamasi kile hawakuwepo. Tangu hapo mama walipatana, bila kikao, pale pale kwenye bomba la maji: mbele ya Kamanda, kila ua lina jina la uongo.

Na lilishikwa vizuri neno hilo. Hata watoto walilijua.

Majuma machache kabla ya ile Jumamosi, Ananie alirudi nyumbani. Jipu lilikuwa limemtoka chini ya mguu, hakuweza kukanyaga, na pangoni hapakuwa na dawa. Nassoro alimleta chini ya mikungu ya ndizi. Jioni ile Kanyere alimwosha mguu kwa maji ya chumvi, na kijana akasema, akiuma meno:

"Mama, nilikuletea ua. Lile ya mulango."

"Iko wapi?"

"Ilianguka pale bariyeri. Basoda balipindua mikungu, ikaponyoka mu mukono. Nilitaka kunyoosha mukono niiokote, papa Nassoro akanikanyanga vidole."

"Alifanya muzuri. Mutu anaokotaka ua mbele ya bunduki?"

Walicheka kidogo. Ua la mlango, kwa watu wa ukoo wa Kanyere, ni lile linaloota kwenye umande wa maji yanayoanguka, halishuki chini wala halipandi juu zaidi. Mtoto akizaliwa, bibi analifunga kwenye mlango. Anayekuja kumwona mtoto hamwangalii kwanza. Anasimama mlangoni, analisalimu ua kwa jina lake, ndipo anaingia. Asiyelisalimu, wanasema, anaingia na kivuli chake. Ananie alipozaliwa, mama yake Kanyere alishuka nalo kutoka mlimani, limefungwa kwenye jani la mgomba, na nyumba nzima ililitaja jina lile mpaka likakauka.

Mguu ulipona. Katungu aliuliza siku moja, "Ananie atarudia lini kwa benzake?" Kanyere alijibu, "Kesho kutwa." Kesho kutwa ilifika, akasema bado anachechemea. Juma lililofuata akasema kuna mvua. Kila mama angalifanya hivyo, na ndiyo maana hakuna aliyemsukuma. Ananie alikaa ndani, na akisikia buti nje aliingia chini ya kitanda.

Ndipo pale alipokuwa ile Jumamosi, chini ya kitanda, wakati Kamanda alipoingia uwanjani na Sikuli nyuma yake amebeba bahasha ya picha. Sikuli aliangalia viatu vyake mwenyewe.

"Bamama, mbote," Kamanda alisema. "Muko na kazi mingi leo."

"Kazi ya Mungu, Kamanda," Katungu alijibu. "Ukae."

Alikaa kwenye kibao. Akatoa picha ya kwanza, ua jeupe lenye manyoya. "Fololo iyi inaitwa aje?"

"Iyo? Njo mukia ya panya."

"Hapana," Faida alisema, amekaza uso. "Ni kofia ya mukwe."

"Weye Faida unajua nini? Kofia ya mukwe iko na majani mapana."

"Kama mukwe wako iko na kichwa kipana, ni maneno yako."

Ua halikutikisika. Kamanda alitabasamu kama mtu anayecheza na watoto, akatoa la pili, na la tatu. Yalipewa majina ya kila namna: jino la katekista, kikwembe cha mwizi, usiniulize. Kanyere naye alitoa lake, akacheka kama wengine. Picha zote zililala pale kwenye goti la Kamanda, maua yameangalia juu tu.

Akatoa picha ya mwisho.

"Iyi tuliokota pale bariyeri," alisema. "Mutu moya wa Kinshasa, mwenye masomo, aliniambia haiko ya hapa. Ni ya Bulaya. Bazungu njo balileta, ikatoroka bustani."

Lilikuwa ua la njano kama kiini cha yai, na koo lake jekundu kama la mtoto anayelia. Shina lilikuwa limetafunwa mwishoni, kama Ananie anavyotafuna kila kitu, kalamu, kijiti, kamba ya shati. Kanyere aliliona, na lilikuwa mlangoni pake. Halikuwa kwenye goti la mtu yeyote, wala hapakuwa na buti. Lilikuwa pale lilipofungwa siku ile, na mtoto yuko ndani, na yeye amesimama nje kama mgeni.

Akalisalimu.

Hakupaza sauti. Alilitaja jina lake polepole, jinsi mtu anavyobisha hodi kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Akaongeza, "Haiko ya Bulaya, iyi."

Ua liligeuza shingo. Lilipita kwa Katungu, likapita kwa Faida, likapita kapu la maua meupe na kona ya uzio, likasimama likiangalia upande wa mlima. Kamanda aliizungusha picha. Ua lilirudi pale pale. Akaigeuza juu chini, na shingo ikajipinda ikatafuta tena upande uleule. Akaipangusa vumbi kwa kidole, akaiweka mfukoni.

"Merci, mama," alisema. "Bale ba Kinshasa habajue kitu."

Akamwashiria askari aliyekuwa langoni, na askari akaleta kipande cha sabuni ya bluu. Kanyere alikipokea kwa mikono miwili, na goti limekunjwa kidogo, kama alivyofundishwa kupokea kitu. Hilo nalo alilikumbuka baadaye. Mikono miwili.

Walipoondoka, hakuna aliyelia. Katungu aliendelea kunyonyoa mpaka ua lililokuwa mkononi mwake likabaki kijiti. Faida aliinuka akaenda kumwita Nassoro. Nassoro aliwasha pikap, akafika bariyeri, akakuta mti umelazwa barabarani na askari wamekaa juu yake wanakula mahindi. Walimwambia njia imefungwa kwa sababu ya sikukuu. Akarudi.

Katungu alipomaliza kapu lake alisema neno moja.

"Ananie iko wapi?"

"Iko mu nyumba."

"Bon," Katungu alisema. Akajifunga kikwembe, akaenda kwake.

Kesho yake procession ilipita. Watoto walitupa maua, na sehemu ya Bulengera ilipendeza kuliko zote, watu wa mashirika mengine walikubali. Kamanda alikuwepo, kofia mkononi, amepiga magoti kwenye njano na nyeupe kama mkristo yeyote. Wakati huo gari lake lilikuwa linapanda Mutwanga, na picha imebandikwa mbele ya dereva. Ua lilimwonyesha kila njia panda.

Wavulana walipita mjini siku iliyofuata, wamesimama kwenye lori, wamevaa nguo za askari. Za Josaphat zilikuwa ndefu, mikono yake haikuonekana. Mama walisimama kando ya barabara kuu. Katungu aliinua mkono, na ile mikono ya nguo isiyo na vidole ikainuka kumjibu. Kanyere hakusimama barabarani. Alikaa kitandani, na Ananie chini yake, na kila lori lilipotikisa nyumba aliminya godoro kwa mikono miwili kama mtu anayefunika sufuria.

Hakuna aliyemlaumu. Jambo hilo lisemwe wazi, kwa sababu watu hupenda kufikiri kwamba alipigwa mawe. Bombani walimpisha foleni. Kanisani walimwachia nafasi kwenye benchi, nafasi kubwa kidogo. Faida alimletea chumvi. Mbele yake waliongea habari za mvua na za bei ya makaa, na akiondoka walinyamaza, hawakumsema. Angalipenda wamseme.

Kuna swali ambalo hawakumuuliza, akajiuliza mwenyewe siku moja akifua shati la Ananie kwa ile sabuni. Kama Ananie angalikuwa bado pangoni na wenzake, mdomo wake ungalilitaja? Alifua mpaka shati likawa jeupe, akalisuuza, akalianika. Aliangalia sabuni. Haikuwa imepungua. Tangu siku ile haikupungua tena. Alifulia shuka, akafulia mapazia, akawaazima majirani, nao walifulia wakairudisha, na kingo zake zilikuwa kali kama zilipotoka kwa askari.

Mama unayesoma haya, una mtoto wako mlangoni au chini ya kitanda. Jifunze kuogopa mdomo wako kuliko bunduki. Bunduki unaiona inakuja. Mdomo haujui kwamba kuna vita. Wenyewe unaendelea na desturi zake, unasalimu, unashukuru, unasahihisha. Ukiulizwa jina la ua, sema hujui. Hata kama ni ua ambalo mama yako alilifunga kwa mkono wake. Hasa hilo.

Mvua za Septemba zilipoanza, Kamanda alimletea Kanyere ile picha kama zawadi, imewekwa kwenye fremu ya mbao na kioo. Ua lilikuwa haliangalii tena mlimani. Askari walikuwa wamelala kule majuma kadhaa, wakayafyeka maua yale yote kwa matandiko na kuwashia moto, na ndugu zake hawakubaki hata mmoja. Basi liliangalia mahali pekee palipobaki. Liliangalia mdomo wa Kanyere. Akienda jikoni, shingo ilimfuata. Akiongea, lilisogea mbele kidogo, kama mtu mwenye masikio mazito. Aliigeuza fremu iangalie ukuta, na asubuhi alikuta ua limepita upande wa nyuma wa karatasi, limefunguka, linamwangalia. Aliichoma. Iliungua kama karatasi yoyote, na kabla majivu hayajapoa Sikuli alikuja na nyingine.

"Unisamehe, mama," Sikuli alisema, macho kwenye viatu. "Kamanda aliagiza mingi."

Kanyere akaitundika.

Kisha, Jumapili moja baada ya misa, Katungu aliingia bila kubisha. Alikuwa na picha ya Josaphat ya Komunyo ya kwanza, ambayo Sikuli alipiga zamani kabla ya vita: shati jeupe, mshumaa, masikio makubwa. Aliiweka mezani.

"Mutaje," alisema.

"Katungu..."

"Nilimutaja miye mwenyewe kwangu, asubuhi na mangaribi. Haisikie. Kinywa yako njo inajua kutaja. Mutaje, jina yake ya kweli, vile ulisalimia ile ingine."

Kanyere alilitaja jina la Josaphat polepole, kama kwenye mlango. Kijana wa kwenye picha aliuacha mshumaa wake usimame wenyewe, akageuza uso, akaangalia upande wa Beni. Katungu alikaa. Aliangalia shingo ile ya mtoto wake kwa muda mrefu, na kipele cha nyuma ya sikio ambacho picha haikuwa imekionyesha hapo awali.

"Beni," alisema. "Bon. Beni kuko chakula."

Jumapili iliyofuata Faida alileta picha ya Bilali, amevaa kofia yake ya Idi. Bilali aliangalia magharibi ya Beni, upande wa Mangina. Halafu mama wengine wakaja. Ikawa desturi. Baada ya misa walikuja na picha zao zimefungwa kwenye vitambaa, wakazipanga kwenye meza ya Kanyere, naye akataja moja baada ya nyingine, na wavulana wakageuka, huyu huku, huyu kule, kama watu kwenye soko walioitwa kila mmoja na mtu wake. Mama waliongea kidogo. "Wangu amesogea." "Wako iko karibu na wangu, pengine banakula pamoja." Wengine walileta ndizi za kula wakisubiri. Wakati wa kuondoka waliazima sabuni.

Hakuna mvulana aliyerudi kwa sababu ya zile picha. Nassoro alijaribu mara moja kufuata uso wa Bilali na pikap yake. Alifika kwenye mti uliolazwa barabarani, na askari waliokaa juu yake hawakuwa wale wa kwanza, lakini walikula mahindi vilevile.

Mwisho wa mvua, Jumapili moja, Kanyere alimtaja Josaphat. Josaphat hakuangalia Beni wala Mangina. Aliinamisha kichwa akaangalia chini, sakafuni, katikati ya viatu vyake vya Komunyo.

Mama wote waliona.

"Amechoka," Katungu alisema.

"Amechoka," Faida alisema. "Kutembea mingi."

"Atapumzika."

Wote walikubali kwamba Josaphat amechoka. Juma lililofuata alitajwa tena, akaangalia chini tena. Katungu aliendelea kumleta, amefungwa kwenye kitambaa kisafi, kilichofuliwa kwa ile sabuni. Hakumwomba padri misa ya marehemu, na hakuna aliyemwambia aiombe.

Kanyere alikuwa na picha ya Ananie pia, ya siku ileile ya Komunyo. Alikuwa ameificha ndani ya gunia la maharage. Kila Jumapili alitumaini kwamba hawataikumbuka, na walikuwa wanaikumbuka kila Jumapili.

Siku ile, mama wote wamekaa, Katungu alikunja kitambaa cha Josaphat taratibu, akasema bila kuinua macho:

"Na wako?"

"Wangu..."

"Lete. Na yeye ni mutoto. Alikulaka kwangu, alilalaka kwangu. Lete tumuone."

Kanyere aliingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko. Akaitoa picha, akaipangusa maharage, akaiweka katikati ya zile zingine. Ananie wa Komunyo, shati jeupe, ameuma kamba ya skapulari yake ya shingoni kwenye kona ya mdomo. Ukutani, ua lilisogea mbele kusikiliza.

Akamtaja.

Ananie hakugeuka sana. Aligeuka kidogo tu, kama mtu aliyeguswa bega, akaangalia mlango wa nyuma. Nje ya mlango ule, uwanjani, shoka lilipasua kuni. Lilipasua, likanyamaza kidogo, kuni ikaanguka, likapasua tena.

Mama walisikiliza. Hakuna aliyeangalia mlango.

"Uyu iko karibu," Katungu alisema mwishoni.

Kisha akaomba sabuni.